Mistari Nisiyoifuma

Tulipomzika Mama Kizito mwaka jana pale Mpanda, bibi mmoja jirani aliyeketi nami mkeka mmoja aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwili nimeuona kwa macho yangu. Nikamjibu nimeuona, tena nilikuwa miongoni mwa walioushika kuuosha. Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Nyumba hii na habari za vifo, mwanangu, mtu anataka kuhakikisha." Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama maziwa yamechemka. Wageni waliokaa karibu walimtazama vibaya wakadhani ni uzee, lakini mimi nilimwelewa, kwa sababu mwaka mmoja wa ujana wangu niliishi katika nyumba ile, na humo ndimo nilimojifunza kufuma.

Habari za kwetu Kasansa, ng'ombe wa baba na sababu za mimi kupelekwa mjini, nitaziacha. Nilikuwa na miaka kumi na minane, ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na Mpanda bado ilikuwa wilaya tu ya mkoa wa Rukwa. Nilifika juu ya lori la mpunga, mavumbi hadi kwenye kope, nikaelekezwa nyumba ya mjane aliyekuwa akipangisha chumba kwa wasichana wenye adabu. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, bati lake likilia mchana kwa joto, na korido ndefu iliyoanzia sebuleni ikaishia kwenye mlango wa stoo. Chumba changu kilipakana na stoo hiyo. Siku ya kwanza nilitaka kuweka humo gunia langu la mchele, nikausukuma mlango. Haukuwa na kufuli wala kitasa upande wetu, lakini haukufunguka. Nilipousukuma kwa bega ukaingia ndani kidogo, kama unene wa kidole, halafu ukarudishwa polepole, kana kwamba kuna mtu ameuegemea. Mama Kizito alinikuta pale. "Hiyo acha, mwanangu," akasema. "Bawaba zimekufa. Mchele weka chini ya kitanda." Nikaweka chini ya kitanda, na kwa miezi miwili sikuugusa tena mlango ule, ingawa kila nilipopita korido nilijikuta natembea kando ya ukuta wa upande wa pili.

Kila jioni alipika chakula kwa mikono ya mtu aliyezoea kulisha wengi. Ugali, samaki wa ziwani waitwao migebuka waliokaushwa kutoka Karema, mlenda au maharage, na siku za neema asali ya Ugalla tuliyochovyea viazi. Tulikuwa wawili mezani, lakini alipakua sahani tatu. Ya tatu aliifunika kwa bakuli, akaiweka juu ya kabati. "Ya akiba," aliniambia nilipouliza. "Mgeni hapigi hodi kwanza." Nilipoamka asubuhi sahani ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa pamoja na zetu. Wakati mwingine nilimsikia akizungumza Kifipa peke yake upande wa stoo, maneno machache, halafu kimya cha kungojea, halafu maneno tena. Nilidhani anasali rozari. Kijana hujieleza mambo haraka ili apate kuendelea na yake, na yangu wakati ule yalikuwa sindano mbili na kidonge cha uzi.

Darasa letu lilikuwa chumba nyuma ya kanisa, na mwalimu wetu alikuwa mama wa Kirundi aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, aitwaye Spesioza. Tulikuwa wasichana tisa. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli tulizozisugua juu ya jiwe hadi ncha ikawa laini, na upande wa pili tukabandika tonge la nta ili vitanzi visichomoke. Uzi tuliupata kwa kufumua masweta ya mitumba. Tuliufua, tukauzungusha kwenye migongo ya viti na kuuning'iniza na jiwe ili mikunjo inyooke. Uzi wangu ulikuwa wa rangi ya damu ya mzee, uliotoka kwenye sweta la mwanamume mnene sana. Watu mjini walitucheka, maana Mpanda ina joto, nani avae skafu? Mwalimu akawajibu kwamba Sumbawanga kuna baridi, na madereva wa malori nao wana shingo.

"Nyie mnaanza na skafu isiyo na mbele wala nyuma," alituambia. "Nguo yenye upande wa nyuma inataka fundi. Hii haina cha kuficha. Pande zote sawa." Ilikuwa kazi ya kitanzi cha aina moja tu: ingiza sindano, zungusha uzi, vuta, achia. Vitanzi thelathini, ukifika mwisho unageuza, unaanza tena vilevile. Kila mistari miwili ilitengeneza tuta moja, kama matuta ya viazi, na matuta yalionekana sawasawa pande zote mbili. Mimi nilikuwa mbaya wa kufuma. Nilivuta uzi hadi vidole vikawa vyeupe, matuta yangu yakabana kama meno ya mtu mwenye hasira, na katikati paliachwa matundu ya vitanzi vilivyochomoka bila mimi kujua. Tulipewa skafu zetu twende nazo nyumbani. Wenzangu walifuma huku wakipiga soga barazani. Mimi niliona aibu, nikaiacha yangu juu ya kitanda kila nilipokwenda kanisani asubuhi kwa masomo mengine, ya upishi na usafi, nikidhani nitaishika nikirudi.

Jumanne moja nilirudi nikaiona imekua. Sikuamini mara moja. Niliacha matuta kumi na moja, nilikuwa na hakika kwa sababu nilikuwa nimeyahesabu kwa uchungu. Sasa yalikuwa kumi na tano. Yale manne ya juu yalikuwa mapana, yamelegea vizuri, yamelala sawasawa kama mtu aliyepata usingizi mzuri. Sindano zilikuwa zimechomekwa kwenye kidonge cha uzi kwa namna nisiyoitumia mimi, zimepishana. Nikamwuliza Mama Kizito alipotoka stesheni, alikokuwa akiuza maandazi kila asubuhi, kama yeye ameigusa kazi yangu. "Mimi?" akasema. "Mimi hata kifungo kinanishinda." Lakini alipogeuka kwenda jikoni alisimama kidogo katikati ya korido, akautazama mlango wa stoo, na nikaona bega lake limeshuka.

Jumatano yakaongezeka matuta matatu. Alhamisi nilikuta matundu yangu ya wiki nzima yameshikwa na kupandishwa, kila kitanzi kilichoanguka kimerudishwa mahali pake, bila kovu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mistari ya kuongezwa ningeweza kuifikiria, labda jirani, labda mzaha. Lakini aliyeziba matundu yangu alikuwa amekaa na makosa yangu kwa saa nyingi, ameyatafuta moja moja kwa kidole. Nilifumua kila kitu ambacho hakikuwa changu. Kesho yake nilipotoka darasani, mchana jua liko katikati na nyumba imenyamaza hadi nasikia mchwa kwenye mbao za dari, nilikuta yote yamefumwa upya, na tuta moja zaidi. Kitanda kilikuwa na bonde dogo mahali pa mtu kukaa. Niliweka kiganja pale. Palikuwa na joto.

Nikaipeleka skafu kwa Mwalimu Spesioza. Nilimpa tu. Aliivuta, akaigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza dirishani. "Mikono hii ni miwili," akasema. "Huu wa chini ni wako, mwana wanje, mwanangu maskini. Huu wa juu..." Akanionyesha kwa ncha ya sindano. Kwetu sote uzi ulizungushwa kutoka upande mmoja, kitanzi kikakaa wima. Katika mistari ile uzi ulizungushwa kutoka upande wa pili, na kila kitanzi kilikuwa kimekunja miguu. Mgeni asingeona. "Nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kufuma hivi. Shoto. Nilimrekebisha mwaka mzima nikachoka, nikamwacha." Akaiweka skafu chini kama kitu cha moto. "Odilia. Binti wa hapohapo unapokaa. Alifia Sumbawanga kwa shangazi yake, mwaka juzi. Nilikaa matanga yake kwenye nyumba hiyo, nililala mkekani siku tatu."

Nyuma yangu alisimama Getruda, mwenzangu wa darasa aliyekaa mtaa wetu. Alikuwa amekuja kurudisha mkasi. Sikumwona hadi mkasi ulipoanguka.

Mwalimu aliniambia nisilale tena mle. Lakini sikuwa na pa kwenda, na kusema kweli kulikuwa na jambo jingine lililonishika, ambalo hata leo najionea haya kidogo kulisema: nilitaka kuona itafika wapi. Nilikuwa nimepungukiwa na mtu wa kuzungumza naye katika mji ule, na kila mchana kulikuwa na aliyekaa kitandani kwangu akinijibu. Nikaanza kumwachia mambo. Niliacha uzi umefungamana makusudi, nikaukuta umefunguliwa. Niliacha kidonge cha uzi wa kijivu pembeni, nikakuta michirizi miwili ya kijivu imeingizwa, nyembamba, kama alama ya mwisho wa barua. Niliogopa asubuhi nzima, na saa sita nilirudi mbio.

Siku niliyomkuta, somo la upishi lilivunjika kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nilifika nyumbani saa nne badala ya saa sita. Mlango wa mbele niliufungua kwa ufunguo uliowekwa chini ya kinu, nikavua kandambili, nikaingia. Kutoka chumbani kwangu ilitoka sauti ikihesabu. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu ambaye hazungumzi sana. "Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja." Nilisimama koridoni, kandambili mkononi. Pazia la mlango lilikuwa limeinuliwa na upepo, na chini yake niliona visigino viwili, vikavu, vya kawaida kabisa, vyenye nyufa kama vyangu. Sijui kwa nini nyufa zile ndizo zilizonipa nguvu. Nikasogeza pazia.

Alikuwa amenipa mgongo, amejifunga kitenge cha Mama Kizito. Hakushtuka. Alimaliza mstari hadi kitanzi cha thelathini, akageuza sindano, ndipo akageuka na yeye. Upande wa kulia ulikuwa uso wa msichana mzuri. Wa kushoto ngozi ilikuwa imeyeyuka ikakaa upya, inang'aa, jicho limevutwa chini, sikio limebaki kipande.

"Umewahi leo," akasema.

Niliachia pazia likaanguka nyuma yangu.

"Na uzi unauvuta sana," akaendelea. "Legeza mkono. Hauendi popote."

Nikakaa sakafuni. Nilimwuliza swali la kijinga kabisa, kama yeye ni mzima. Alifikiria, na kule kufikiria kwake ndiko kulikonitisha kuliko uso. "Nakula," akasema mwishowe. "Naoga. Mama hunitoa uani watu wakishalala. Mengine sijui."

Alinieleza kwa vipande, siku ile na siku zilizofuata, kwa sababu nilianza kutoroka masomo ya asubuhi ili niwahi. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kilimjia akiwa jikoni peke yake, Mama yuko stesheni, akaangukia mafiga. Alinusurika. Kulikuwa na familia iliyokuwa imeleta barua ya posa, na walipokuja kujua kulikoni, Mama akasema binti yuko Sumbawanga kwa shangazi yake. Siku ile yeye mwenyewe Odilia alikuwa nyuma ya mlango wa stoo, ameuegemea kwa mgongo, na ndiye aliyekuwa amemwomba Mama aseme hivyo. "Nilitaka wiki moja tu," aliniambia. "Nijizoeze kioo."

Yaliyofuata nilielezwa na Mama Kizito mwenyewe. Alijua kwamba najua siku niliposahau, wakati wa kupakua, nikachukua samaki mkubwa nikamweka kwenye sahani ya tatu bila kuambiwa. Alinitazama, akafunika sahani, akaenda nayo, na aliporudi akanisogezea ungo wa maharage tuchambue. Mikono yake ilifanya kazi muda wote aliokuwa anasema. "Mimi sikusema mwanangu amekufa. Nataka ulijue hilo. Kuna mtu alitoka Sumbawanga akasema shangazi yake hana binti yeyote wa kutoka Mpanda. Watu wakajumlisha wenyewe: kama hayuko huku wala huko, basi amekufa. Asubuhi moja jirani aliingia hapa analia, amefunga kanga kiunoni, ananikumbatia. Nikamsikia anasema pole, pole Mama Kizito, na mimi nikalia, Minza mwanangu. Nilikuwa na cha kulilia. Sikuwa nimelia tangu moto ule. Nilipofuta macho, uani kulikuwa na wanawake ishirini na mikeka imetandikwa, na mtu ameshabandika chungu." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Ningewaambia saa ngapi? Niambie wewe. Niliitafuta hiyo saa siku tatu nzima, na yeye yumo humo ndani anasikiliza wanavyomwimbia."

Mara nyingi katika maisha yangu, kwenye ndoa yangu na hata kazini, nimejikuta nikiitafuta saa ya aina hiyo, ile ambayo neno lingesemwa na mambo yakanyooka, nikagundua imepita wakati mtu ananipa pole au hongera. Kwa hiyo simhukumu. Lakini wakati ule nilikuwa kijana na nilikuwa na siri yangu mbaya zaidi, kwa sababu nilianza kuona kilichokuwa kinatokea mtaani.

Kwanza ilikuwa bombani. Nilipofika na ndoo, wanawake walisogeza zao kidogo, kama mtu anavyosogea kupisha jua. Halafu muuza pumba akamwuliza Mama Kizito mbele ya watu kuku wake ni wangapi, maana pumba anazonunua ni nyingi. Mama akasema saba. Mwanamke mmoja akasema kwa upole kwamba yeye akipita huhesabu watano. Kwa wasiojua: huku kwetu watu husema msukule hulishwa pumba. Msukule ni mtu ambaye mchawi amemfanya aonekane amekufa, akazikwa au akaliliwa, kumbe yumo ndani ya nyumba ya mchawi, amekatwa ulimi, anatumikishwa gizani. Na mwanamke anayesemwa kwamba ana msukule haendi mbali. Kule kwetu kwenye vijiji vya wafugaji nilikuwa nimeona nyumba ya bibi mmoja baada ya watu kuitembelea, na hakubaki wa kuulizwa kitu. Neno lilikuwa limetoka kwa Getruda, na kwa Getruda lilitoka mkononi mwangu, siku ile nilipoipeleka skafu dirishani.

Jumamosi, Mama akiwa stesheni, walikuja wanaume watatu wa sungusungu, walinzi wa mtaa. Walivua kofia. Walikaa kwenye benchi la uani, wakanywa maji niliyowapa, wakasifu maji yalivyo baridi. Mkubwa wao akasema hawaingii nyumba ya mama wa watu mwenyewe hayupo. "Mwambie hatuna ugomvi naye. Jumatatu asubuhi tutarudi na mwenyekiti na watu wa mtaa. Tunataka kuiona stoo tu." Wakati anasema hivyo alikuwa anatazama juu ya bega langu, ndani ya korido, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko zote nilizowahi kusikia kwa mwanamume. Walipoondoka nilikwenda kwenye mlango wa stoo. Ulikuwa wazi kiasi cha unene wa kidole.

Jumapili mchana tulikaa jikoni watatu, kwa mara ya kwanza na sahani tatu zote mezani, na hakuna aliyekula. Mama alikuwa ameshapata lori la kwenda Sumbawanga usiku ule. Alifunga nguo za Odilia kwenye shuka. Odilia alilifungua fundo, taratibu, kwa ule mkono wake wa kushoto.

"Nikiondoka watakuta stoo tupu," akasema. "Watasema umeshanila."

"Wakikuona watasema nini?" Mama aliuliza. "Uso huo. Watasema ndiyo kazi yangu."

"Basi wanione nikitembea mwenyewe. Wasinitoe wao."

Mama aliweka kichwa juu ya meza, kando ya ugali uliopoa, na hakukiinua mpaka jioni.

Jumatatu tulitoka saa mbili asubuhi kuelekea darasani kwa Mwalimu, kabla hawajaja, jua limeshapanda. Odilia katikati, Mama kulia, mimi kushoto. Alikataa kujifunika uso. Nakumbuka jinsi alivyokanyaga, akiinua miguu juu kupita kiasi, kama mtu anayevuka maji, kwa sababu alikuwa amesahau mawe. Pale bombani hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho ninachokiota mpaka leo. Maji yalijaza ndoo, yakafurika, yakatiririka hadi barabarani, na hakuna mkono ulioenda kufunga. Mama mmoja alirudi nyuma hatua moja moja bila kugeuka, akaacha kandambili yake moja kwenye tope. Mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli alivua kofia, kama inavyofanywa jeneza likipita. Tulitembea katikati ya watu waliojua jina lake, waliomlilia, na nikahisi kwamba ni sisi watatu ambao hatupo. Kisha binti mdogo wa miaka mitano hivi, aliyefundishwa adabu na hajafundishwa zaidi ya hapo, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," Odilia akamjibu. "Hujambo?"

Nikasikia mtu mmoja nyuma akisema polepole, "Ana ulimi."

Darasani wasichana wawili waliruka dirisha wakakimbia. Getruda alipita mlangoni akinikwepa macho, na nikajua anakimbilia kwa mwenyekiti. Mwalimu Spesioza alibaki mahali pake, mkono kwenye rozari. Alikuwa amepauka. "Toa ulimi," akasema. Odilia akautoa, mrefu, kama mtoto kwa daktari. "Mwaka ule ulipoingia darasa langu, nilikupa uzi wa rangi gani?" Odilia akasema ulikuwa wa kijani na hakuupenda. Mwalimu akasogea hatua moja. Hakumgusa. Alichukua spoki mbili mezani, zilizoanza kazi ya mtu, akamnyooshea kwa mbali.

Odilia alikaa kwenye benchi. Aliingiza sindano, akazungusha uzi kutoka upande ule wake, akavuta, akaachia. Akarudia. Tulikuwa tunasikia vyuma vikigusana, na nje miguu ya watu wanaokusanyika.

"Bado unakosea," Mwalimu Spesioza akasema, na akaanza kulia. Akapiga magoti pale sakafuni akakishika kile kichwa, upande mzuri na upande wa moto, akakibana tumboni kwake.

Mwenyekiti alifika na daftari. Alisimama dirishani pamoja na wale sungusungu na nusu ya mtaa, wakamtazama anavyofuma mstari mzima hadi mwisho na kugeuza. Mama Kizito alikuwa amesimama ukutani na mikono mbele kama anayesubiri kufungwa. Mwenyekiti alimtazama yeye muda mrefu, halafu akamgeukia karani wake. "Andika kwamba yupo," akasema. Karani akauliza sababu aandike nini. Mwenyekiti akasema aache nafasi.

Hayakuisha siku ile. Maandazi ya Mama Kizito hayakununuliwa kwa miezi. Kuna waliokuja kumwuliza, wamekasirika kweli, awarudishie machozi yao. Aliwakaribisha wote, akawapa viti, akawasikiliza hadi mwisho, na sikumsikia hata mara moja akijitetea. Na jambo moja lilitokea ambalo hatukulitarajia. Mchana, wakati wa joto, wanawake walianza kuja mmoja mmoja, wamejitanda kanga hadi puani, wakimtaka Odilia. Hawakutaka kumwona. Walitaka kumwuliza kama huko alikokuwa alikutana na watoto wao waliokufa. Mwanzoni aliwaambia hakuwa popote, alikuwa stoo. Walitikisa kichwa kwa adabu wakaendelea kungoja. Alinisimulia kwamba siku moja alichoka kumwona mama fulani akilia mlangoni, akamwambia, "Nilimwona. Anakula vizuri." Yule mama alimshukuru akaenda zake, mgongo umenyooka. "Sikulala siku mbili," Odilia aliniambia. "Sikuogopa kwa kuwa nilidanganya. Niliogopa kwa kuwa nilipofumba macho nilimwona huyo mtoto."

Mimi niliondoka Desemba, mvua zimeanza, juu ya lori la kwenda kwetu Mpimbwe kupitia porini. Nilikuwa nimeimaliza skafu ile pamoja na nyingine mbili, na mkono wangu ulikuwa umelegea. Odilia alinisindikiza hadi mahali malori yanapopakia. Watu walimpisha, hawakumkodolea macho tena kama zamani. Nilikuwa nimejipangia maneno wiki nzima, na dereva alipokuwa anafunga turubai nikayasema yote kwa haraka: kwamba ni mimi niliyeionyesha skafu, kwamba Getruda alijua kwa sababu yangu, na wanaume wale watatu walikuja kwa sababu yangu, na mama yake nusura afe kwa sababu yangu, na nilikuwa nimekaa nalo miezi yote hiyo nikila chakula chao.

Alinisikiliza akiutazama mzigo wangu, kama umefungwa vizuri.

"Najua," akasema. "Minza, mimi sindano nilikuwa nazo. Na uzi nilikuwa nao, mama alinifumulia sweta zima. Ningetaka mtu asijue, si ningefuma yangu tu?"

Akanishika kiwiko akanisukuma juu. "Panda," akasema. "Anawasha gari."